Mademwazeli wa Kupima Akili

Jumatatu, 4 Juni 1962

Nimeshona bendera tatu leo, na suruali ya karani wa komini, serikali yetu ya hapa. Kitambaa cha kijani kimekwisha. Nimeagiza kingine mjini Usumbura, kamio, lori la mizigo, haijafika. Wiki nne zimebaki kabla ya uhuru na Rumonge nzima inataka nguo mpya, utadhani Wabelgiji watarudi wakituona na viraka.

Zaina ametoka shuleni na habari. Mjukuu wangu huyu haingii nyumbani, anapasukia ndani. Mwalimu amewaambia kuna mzungu anakuja kupima akili. Akili za watoto wa darasa la tano. Wasichana watakaoshinda watapelekwa Usumbura, shule ya kulala huko huko. Nafasi mbili tu, kwa pwani yote ya ziwa kuanzia Kabezi mpaka Kabonga.

Mama yake, binti yangu Mariamu, alikuwa anageuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juani. Aliacha mkono hewani. Macho yake niliyaona. Sijayaona hivyo tangu akiwa msichana.

Mimi nimeuliza swali moja na hakuna aliyelijibu. Watu hawa wanaondoka mwezi ujao. Masanduku yao yameshafungwa. Mtu anayehama, anapima akili za kuku anaowaacha uani kwa ajili gani?

Jumatano, 6 Juni

Amefika. Kumbe ni mwanamke. Kijana, miwani, sketi ya kaki, viatu vya kiume. Bi Asha jirani anasema ni sista aliyevua kitambaa cha kichwa. Si kweli. Nimemtazama anavyotembea. Watu wanamwita Mademwazeli. Ana kisanduku cha ngozi kama cha daktari. Hakukifungua. Hapo ndipo nilipoanza kukitazama.

Mkalimani wake ni Deo, kijana wa Uvira, tai shingoni, jasho mgongoni. Alitaja kazi ya Mademwazeli kwa Kifaransa. Neno refu, nikalisahau kabla hajalimaliza.

Wazazi tuliitwa shuleni. Akaeleza. Watoto wataonyeshwa picha, wataulizwa mambo madogo madogo, hakuna sindano, hakuna dawa. Aliposema hakuna sindano, kina mama wote wakaanza kuwaza sindano.

Nikainuka. Nikauliza akili ni nini hasa. Mimi fundi cherehani, sipimi nguo. Napima kifua, kiuno, mguu. Sasa yeye utepe wake anauzungusha wapi? Deo hakutaka kutafsiri. Mademwazeli akamlazimisha.

Alijibu bila aibu. Kwamba walimu wake wenyewe hawapatani. Wengine wanasema akili ni nguvu moja, kama mto mmoja unaonywesha mashamba yote. Mwenye nayo ataweza hesabu, ataweza na maneno. Wengine wanasema akili ni nyingi, kila moja na mlango wake. Na wako waliochoka kubishana, wanasema akili ni kile tu kinachoonekana kwenye kipimo.

Nikasema basi na mimi kanzu ni kile kinachotoka kwenye cherehani yangu, hata kikitoka na mikono mitatu. Watu wakacheka. Naye akacheka, nyuma kidogo, baada ya Deo kumaliza. Kisha akaandika kitu.

Ameandika nini?

Ijumaa, 8 Juni

Msikitini baada ya swala hakukuwa na habari nyingine. Tangu msiba wa mwaka jana, alipopigwa risasi mwana wa mfalme, watu hawaaminiani. Ukimpa mtu maji anayanusa.

Mimi najua kupimwa. Nilikuwa kijana, ndevu hazijaota, alipokuja mzungu na koleo la chuma kama la kushikia makaa. Alitubana pua. Alitubana kichwa mbele na nyuma, sikio na sikio. Kila akibana, anaandika. Tulicheka, tulidhani ni mchezo. Baadaye pua zikawa vyeo. Wenye pua hivi wakakaa kwenye kiti, wenye pua vile wakabeba kiti. Sisi Waswahili pua zetu ni mchanganyiko wa Manyema, Ujiji na wapita njia. Koleo likashindwa. Tukaachwa tufanye biashara.

Sasa pua zimekwisha, wanaingia ndani.

Bi Asha anasema ni batumbula. Marehemu baba yangu alipotoka Kongo aliwaogopa hao kuliko simba. Wanamnasa mtu njiani, wanampelekea mzungu, ananeneshwa, haonekani tena. Bi Asha anasema siku hizi hawataki nyama, wanataka ubongo, tena wa mtoto mwenye akili, na ndiyo maana wanapima kwanza. Nimemcheka mpaka akanuna.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Zaina asipite karibu na gari la Mademwazeli.

Nacheka na ninaogopa. Vyote viwili.

Jumapili, 10 Juni

Nimekwenda kupimwa mimi. Nilimwambia Deo nataka kuonja mchuzi kabla mtoto hajala.

Mademwazeli alikubali. Nadhani Jumapili ya Rumonge ilikuwa imemshinda. Kisanduku kikafunguliwa. Vipande vya mbao vyekundu na vyeupe, picha, karatasi, saa. Hakuna kisu. Nilitazama na chini ya kitambaa.

Kwanza kurudisha namba kinyumenyume. Nilifika nne nikapotea. Halafu picha ya nyumba, niseme kuna kitu gani hakipo. Nikasema mke. Wao walitaka mlango. Halafu nichore mtu. Nikachora kanzu nzuri sana, na mfuko, na tarizi shingoni. Akauliza mtu mwenyewe yuko wapi. Nikasema mtu yuko msikitini, kanzu iko kwa fundi. Deo akatoka nje kucheka.

Halafu zile mbao, uzipange zifanane na picha, na saa inakwenda. Hiyo saa niliichukia. Nikauliza akili ina haraka ya kwenda wapi. Akasema wepesi nao ni sehemu ya akili. Nikasema kijana aliyekuwa anakata kitambaa haraka haraka nilimfukuza. Akauliza wiki hii nimeshona bendera ngapi. Nikamtajia, kifua mbele.

"Na kwa nini unajisifia wingi wake, muzee?" Deo alitafsiri polepole, kwa raha.

Alinikamata. Sikupenda.

Nikauliza sasa nina akili kiasi gani. Akanieleza hesabu ya zamani. Wanatafuta umri wa akili, wanaugawa kwa umri wa mwili, wanazidisha kwa mia. Mtoto wa miaka kumi anayeweza mambo ya miaka kumi, ana mia. Nikapiga na mimi. Nina kama miaka sabini. Nikiweza mambo ya kijana wa ishirini, napata ishirini na nane na kitu. Na kila mwaka napungua bila kusahau neno hata moja. Akasema ndiyo sababu kwa watu wazima hesabu hiyo waliiacha, sasa mtu analinganishwa na wa rika lake. Nikasema rika langu liko makaburini, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza.

Nilicheka njia nzima. Mlangoni kicheko kikaisha. Mwanamke huyu ana akili. Yule wa koleo alikuwa mjinga, tulimjua. Huyu anasikiliza. Anayesikiliza anaondoka na vingi.

Jumatatu, 11 Juni

Shuleni wamewaonyesha mfano wa kipimo. Zaina alinichorea mchangani kwa kidole. Michoro imepangwa safu, wa mwisho haupo, pengo. Chini yake michoro sita. Unachagua mmoja wa kujaza pengo. Nilitazama sana. Sikuona kitu. Yeye alikuwa ameshaona kabla hajamaliza kuchora.

Hapo nikajua atachukuliwa.

Mariamu alikuwa Gitaza na mzigo wa ndagala. Nikamkalisha mtoto. Nikamwambia siku ya kipimo achague mbaya.

"Zote, babu?"

"Zote."

"Na mama?"

Nikasema mama tutamwambia baadaye. Hakuuliza kwa nini. Watoto wetu hatukuwafundisha kumuuliza mzee kwa nini. Leo nilitamani aulize, nijisikie nikijibu.

Mariamu alitaka kusoma, zamani. Shule ilikuwa ya mapadri. Walisema kwanza abatizwe, achukue jina lao. Nikamtoa. Ningemtoa hata leo. Yeye hajasahau.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunicheka. Nusu ya sababu ni lile koleo. Nusu nyingine, nyumba bila mtoto huyu ni cherehani na kikohozi changu.

Jumatano, 13 Juni

Nilikwenda shuleni na utepe shingoni, eti kumpima mwalimu koti. Nikampima karibu na dirisha. Nikampima mara mbili. Akasema, mzee, mikono yangu haijarefuka tangu ulipoipima sasa hivi.

Ndani kimya. Mademwazeli na saa yake. Watoto wanatafuna kalamu. Zaina anaweka alama, anageuza, anaweka alama, anageuza. Pale katikati alisimama kwenye karatasi moja muda mrefu, ulimi nje. Nikawa na wasiwasi. Kisha akaendelea. Akamaliza kabla ya wote.

Alipotoka alinitazama mara moja tu. Hakucheka. Nilidhani tutacheka.

Nilipomtazama mwalimu nikakumbuka jambo. Mtu ukimpima kiuno anavuta tumbo ndani. Wote wanafanya. Miaka yote najua kuongeza vidole viwili bila kumwambia. Mademwazeli anajua kuongeza?

Ijumaa, 15 Juni

Mabaya.

Mademwazeli ameelekea kusini, Nyanza-Lac na Kabonga, kupima wengine. Kabla ya kuondoka Deo alimsomea mwalimu matokeo. Mwalimu akamwita Mariamu. Zaina hakupata hata moja. Zero. Mwalimu alisema hajapata kuona. Alisema Usumbura isahauliwe, lakini si hilo tu. Madawati ya darasa la sita ni machache, hawezi kumpa mtoto ambaye kipimo cha wazungu kimesema ndani hamna kitu. Baada ya likizo abaki nyumbani amsaidie mama kuanika ndagala. Alisema kwa upole, eti anamwonea huruma.

Mariamu alirudi akakaa chini mchangani, si kwenye mkeka. Alilia bila sauti. Ningependa angepiga kelele.

Watoto wa mtaani wameshampa Zaina jina. Zero, njoo. Zero, chota maji. Anaitika.

Mimi nilitaka avute tumbo ndani kidogo. Nimemkata kiuno.

Nimemlaumu mwalimu, Deo na Mademwazeli. Nimerudia kuwalaumu. Haisaidii.

Jumamosi, 16 Juni

Nilimwita Zaina nyuma ya nyumba. Nikamuuliza alifanyaje.

Alishangaa kuulizwa. Akasema, "Babu, ulisema zote. Kila karatasi nilitafuta kwanza ile ya kweli, nikaiacha, nikachukua nyingine."

Nikamuuliza na ile aliyokaa nayo muda mrefu. Akasema hiyo ilimtesa. Ya kweli hakuiona. Sasa asipoijua ya kweli, ataikwepa vipi? Angeweza kuikanyaga kwa bahati, na babu amesema zote. Akaihangaikia mpaka akaipata, ndipo akakosea kwa amani.

Nilikaa juu ya gogo. Mtoto amefaulu mtihani mzima ili anitii.

Kisha akaniuliza kama nimefurahi.

Jumatatu, 18 Juni

Mbalamwezi kamili. Wavuvi hawatoki, ndagala hawaji kwenye taa. Mariamu hana kazi mikononi. Siku mbaya ya kumwambia mtu jambo, maana atakutazama. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamweleza koleo, nikamweleza batumbula, nikamweleza Zaina alivyofanya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejitayarishia na majibu, moja lilikuwa la kuchekesha.

Akasema, "Baba, mapadri walinikataa kwa sababu ya jina. Huyu wewe umemkataa kwa sababu ya nini?"

Lile la kuchekesha sikulitoa.

Chakula changu leo kimeletwa na mtoto wa Bi Asha. Nimeona haya kukila. Nimekila.

Jumatano, 20 Juni

Gari la Mademwazeli limerudi kutoka Kabonga. Kesho kutwa linaelekea Usumbura, na baada ya hapo yeye anapanda ndege. Tulimfuata sote watatu, Mariamu mbele, Zaina katikati, mimi nyuma kama mwizi wa mbuzi.

Mariamu alisalimia, amahoro, akanitazama. Kwa hiyo nikasema. Deo alitafsiri akiwa mkavu, hakuonja utamu wowote safari hii.

Mademwazeli hakushangaa. Alivuta karatasi za Zaina kutoka mfuko wa pembeni. Hakuwa amezifunga pamoja na nyingine. Alisema mtoto asiyejua hupata chache kwa bahati tu, hata akifumba macho. Kukosa zote ni kazi. Alikuwa amemuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia watoto wa mtaa wa Waswahili ndivyo walivyo. Hakuridhika. Lakini hakujua nani alimfundisha mtoto, wala kwa nini.

Akaniuliza kwa nini. Nikamwonyesha pua yangu. Nikaibana kwa vidole, mbele na nyuma. Deo hakuhitaji kutafsiri.

Akasema waliowafundisha walimu wake ndio walioshika makoleo hayo. Hakusema pole. Ningemshuku kama angesema.

Nikamuuliza lililonisumbua tangu siku ya kwanza. Karatasi hizi zenye majina ya watoto wenye akili, wakishaondoka wao, zitasomwa na nani? Alianza kujibu, akaacha, akavua miwani.

"Sijui, muzee. Hilo mimi sijui."

Ndilo jibu nililoliogopa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nimwamini kidogo. Kidogo tu.

Ana karatasi nyingine, za michoro tofauti. Zile za kwanza hawezi kuzirudia, mtoto ameshazijua. Kesho asubuhi Zaina atapimwa upya, peke yake. Masharti mawili. Asifundishwe na mtu. Na mimi nisionekane karibu na dirisha. Kumbe aliniona.

Njiani Zaina alinishika kidole. Akauliza kwa sauti ya chini, mama asisikie, kesho nataka akosee ngapi.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo zito hivyo. Nikamwambia nimekatazwa kumfundisha.

Akasema, "Lakini unataka nini?"

Hatimaye ameuliza. Nikasema mimi ni mzee mjinga, nataka vitu viwili visivyokaa pamoja, na yeye ndiye mwenye kichwa. Alitembea akifikiri. Nadhani nimekosea tena.

Alhamisi, 21 Juni

Nilikuwa msikitini tangu asubuhi. Sikuswali vizuri. Nilihesabu mbao za dari.

Alitoka adhuhuri. Safari hii alichukua muda mrefu. Nikamuuliza ilikuwaje, akasema Mademwazeli amekataza kusimulia. Nikamuuliza kama alicheka. Akasema hilo nalo ni kusimulia.

Ninamshuku mjukuu wangu. Ni jambo baya kuandika. Ana miaka kumi na nimempa siri ambayo watoto hawapaswi kuijua, kwamba akitaka anaweza kuonekana mjinga. Amekaa na funguo mkononi. Ananipenda. Anaogopa Usumbura, hajawahi kulala mbali na mama yake. Akiamua kukosea nusu, akakosea kwa ustadi, nyingine apate nyingine akose, hakuna Mademwazeli atakayegundua. Hata mimi sitagundua.

Mariamu naye anamtazama hivyo hivyo. Tunamtazama wote wawili.

Jumapili, 1 Julai

Ngoma tangu alfajiri. Bendera zangu zote zimepanda. Moja imepandishwa kichwa chini, mtama uliochorwa katikati yake unaota kuelekea ardhini. Si kosa la fundi. Ile ya Wabelgiji waliikunja vizuri, kitambaa kizuri kile, nilikifuata kwa macho kilipokwenda.

Watu walilia, walicheza, walikumbatiana, hata waliokuwa hawasalimiani. Nami nilicheza. Goti limeuma.

Tuko huru. Habari ya Zaina haijafika.

Jumatano, 11 Julai

Hakuna habari. Mwalimu amesema asingojewe mtu, Mademwazeli yuko kwao anakula jibini. Zaina anaanika ndagala na mama yake. Anazipanga safu safu, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, kisha anaacha pengo na kumwangalia mama. Mariamu anajaza pengo. Mara nyingine anakosea makusudi, mtoto acheke.

Wanafanana. Sikuwahi kuwatazama hivyo.

Ijumaa, 20 Julai

Deo amekuja na kamio ya asubuhi, bila tai. Sasa yuko kwenye biro, ofisi ya mashule, na amepata kiti cha mtu aliyeondoka. Amenenepa kidogo. Alikwenda kwanza shuleni, kisha akaja hapa kwa miguu, watoto nyuma yake.

Zaina amepata. Nafasi ya kwanza msichana wa Kabezi, ya pili yeye.

Mariamu alishika mlango. Akashukuru, murakoze, murakoze, akaingia ndani, akafunga. Alikaa huko. Tukamwacha.

Mimi nikamuuliza Deo kama Zaina alipata zote. Akasema hapana, alikosa kadhaa, hasa zile za mwisho. Nikamchukua Zaina pembeni. Nikamuuliza alikosea makusudi.

"Hapana."

"Hata moja? Kwa ajili ya babu?"

"Hata moja. Zile za mwisho zilikuwa ngumu, babu. Nilizitazama, nilizitazama. Sikuzijua." Macho yake yalijaa machozi. Aliona haya. "Hizo nimekosa mwenyewe."

Nimefurahi kuliko ningefurahi kama angepata zote. Sijui kama kipimo kile kinapima akili. Sijui kama hata Mademwazeli anajua. Lakini makosa yale ni ya kweli, ni ya mtoto huyu, hakuna aliyemwekea. Kwa hiyo na yale aliyopata ni yake.

Mwalimu alipita jioni kutoa pongezi. Alisema yeye alijua tangu zamani. Nikamwambia koti lake litachelewa.

Jumamosi, 1 Septemba

Nimemshonea sare mbili. Nimeacha pindo kubwa, atakua. Bi Asha amekuja kumfunga hirizi mkononi dhidi ya batumbula. Zaina alimshukuru vizuri, akanikonyeza.

Deo amesema majina ya wasichana wa shule hiyo yote yako kwenye kabati la biro, pamoja na kipimo cha kila mmoja. Alisema kwa kujivuna, kabati lina kufuli. Nikamuuliza funguo iko na nani. Akasema inategemea na serikali. Alicheka. Mimi sikucheka.

Sijamwambia Mariamu hilo.

Jumapili, 2 Septemba

Kamio iliondoka asubuhi, imejaa magunia na watu. Zaina alikaa juu ya gunia la chumvi kati ya mama wawili wanaoshukia Gitaza. Hakulia. Alipunga mkono mpaka kona.

Leo sijamshuku mtu. Sikuwa na nguvu.

Mariamu alibaki barabarani hadi vumbi likatulia. Nami nilibaki. Kulikuwa na upepo kutoka ziwani, baridi kidogo.

Kisha akasema, "Twende, baba. Jua limepanda, ndagala zitaungua."

Tukaenda.